Dishi la futi 8 lililotumika, C-band, niko Tabora: nikague nini na nilielekeze vipi?

Kiloleni_C ameandika:

Wadau, habari za leo. Kuna dishi la futi 8 linauzwa hapa Tabora mjini, limefunguliwa kutoka nyumba ya wageni iliyofungwa. Ni la bati gumu, paneli nne za kuunga kwa bolti. Linauzwa pamoja na miguu mitatu ya kushika LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi), LNB moja ya C-band (masafa ya karibu gigahezi 4, yanayotaka dishi kubwa), risiva ya zamani na waya kama mita 25. Bomba la kusimamia halipo. Paneli moja imebonyea karibu na ukingo.

Nataka kulielekeza Intelsat 20, nyuzi 68.5 mashariki, kwa ajili ya chaneli za bure. Nikague nini kabla sijatoa hela? LNB ikae umbali gani, maana aliyelifungua hakuweka alama yoyote? Na kwa hapa Tabora nyuzi zake ni ngapi? Upande wa mashariki wa kiwanja kuna mwembe mkubwa, mita 15 hivi kutoka ninapotaka kusimamisha bomba.

Fundi_Isevya amejibu:

Mkuu, nenda na kamba ya ujenzi, futi ya kupimia na kipande cha ubao ulionyooka. Risiva na LNB vinabadilishwa kirahisi. Umbo la dishi ndilo unalolinunua, kwa hiyo lipime kabla ya bei.

Mwambie muuzaji aunge paneli zote nne chini, bolti zikazwe kwa mkono tu. Vuta kamba mbili kutoka ukingo hadi ukingo, zikatane katikati kwa umbo la msalaba, zikazwe vizuri. Kwenye dishi lililonyooka kamba hugusana kidogo tu pale katikati. Zikiachana zaidi ya nusu sentimita, dishi limejipinda. Halafu badilisha, kamba ya juu iwe chini, upime tena. Watu wengi huruka hatua hii: kamba zikiwa zinasukumana huonekana kama zimegusana sawasawa, na kosa linajificha mpaka uzibadilishe. Kujipinda kidogo kunarekebishika. Unalegeza bolti, unaweka washa (vipete vya bolti) kwenye maungio ya upande uliozama, kisha unakaza kuanzia katikati kwenda ukingoni, kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza paneli moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, utalipinda mwenyewe.

Kubonyea kwa ile paneli kusikutishe mapema. Mawimbi ya C-band kwenye gigahezi 4 yana urefu wa sentimita 7.5, kwa hiyo kasoro ya chini ya nusu sentimita haikuumizi sana. Weka mfuko wa mchanga nyuma ya bati na ugonge mbele kwa nyundo ya mpira, taratibu, kuanzia ukingo wa bonde kuelekea katikati yake. Likiwa limebonyea sentimita mbili kwa eneo la sahani ya chakula, dai punguzo. Likiwa limekunjika mpaka bati limefanya mstari, achana nalo.

Sasa LNB. Laza ubao juu ya dishi kutoka ukingo hadi ukingo, upite katikati kabisa, upime kina kutoka chini ya ubao hadi kitako cha dishi. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa kina mara 16. Futi 8 ni sentimita 244. Kina kikitoka 40, hesabu ni 244 × 244 ÷ (16 × 40), yaani sentimita 93. Huo ndio umbali kutoka kitako cha dishi hadi mahali mawimbi yanapokutana, na mahali hapo panatakiwa kuwa ndani kidogo ya mdomo wa LNB, milimita 6 hivi. Kwa hiyo mdomo wenyewe unakaa kama sentimita 92.4.

Gawanya 93 kwa 244 upate 0.38. Ile pete yenye mifereji inayovaa shingo ya LNB ina alama pembeni, mara nyingi 32 hadi 42. Ivute mpaka alama ya 38 halafu uikaze. Pete ikikaa vibaya, LNB itaona sehemu ndogo tu ya dishi, au itaona mpaka nje ya ukingo na kuokota joto la ardhi kama kelele. Umelipia futi 8 unatumia 6.

Mwisho pima kutoka ukingo wa pete hadi ukingo wa dishi kwa pande nne. Vipimo vyote vilingane, tofauti isizidi milimita 5. Dishi lililosafirishwa likiwa limefunguliwa huja na mguu mmoja umepinda, na hapo hata ukijua nyuzi zote huwezi kupata ubora mzuri.

Ukilipaka rangi, chagua isiyong'aa. Rangi ya kung'aa hukusanya jua kwenye LNB, na siku jua likipita sawa na dishi hilo kifuniko cha plastiki kinayeyuka.

Nyuzi_na_Timazi amejibu:

Naendelea na kuelekeza. Kwa Tabora mjini, Intelsat 20 iko nyuzi 83 kutoka kaskazini, yaani mashariki ikiegemea kaskazini kidogo, na mwinuko wake, yaani pembe kutoka usawa wa ardhi kwenda juu, ni nyuzi 48. Aliyeko Kigoma mjini atumie 84 na mwinuko wa 44.7.

Usiige uelekeo wa madishi madogo ya majirani. Yale ya Azam yanatazama nyuzi 7 mashariki, na kwa sisi tulio nyuzi 33 satelaiti hiyo iko magharibi.

Mwembe wako huenda usiwe tatizo. Kwa mwinuko wa 48, kila mita 10 za umbali mstari wa mawimbi unapanda mita 11, hivyo mita 15 mbele uko karibu mita 17 juu ya kitovu cha dishi. Toa mita 2 kwa ajili ya nusu ya chini ya dishi. Mti ukiwa chini ya hapo, songa mbele. Ila mwembe unakua, kwa hiyo ukiweza kurudi nyuma mita 3, rudi.

Mwinuko unapimwa hivi: simamisha ubao juu ya uso wa dishi, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, bandika pembeni yake protrakta ya shule na uning'inize uzi wenye nati. Pembe kati ya ubao na uzi ndiyo mwinuko. Ukisoma 48 umefika. Dira isome ukiwa hatua kadhaa mbele ya bomba, maana chuma cha dishi huvuta sindano.

Miale ya futi 8 kwenye C-band ina upana wa nyuzi 2 hivi. Ukikosea nyuzi moja umeshapoteza nusu ya nguvu. Kwa hiyo zungusha polepole: sogeza kama milimita 10 ukingoni, subiri sekunde tatu risiva isome, sogeza tena. Fundi mwenye haraka hupita juu ya satelaiti na hajui.

Kinachowaangusha wengi huku kwetu ni kuzungusha LNB. Maelekezo mengi ya mitandaoni yameandikwa kwa nchi za mbali na ikweta, ambako alama ya sifuri iliyo kwenye LNB inakaa juu na unachezesha kidogo tu. Sisi tuko karibu na ikweta na satelaiti hii iko mbali upande wa mashariki, kwa hiyo mstari wa satelaiti zote unaonekana kama umesimama wima. Mawimbi yanayoitwa ya mlalo (H) yanatufikia karibu wima, na ya wima (V) yanatufikia karibu mlalo. Kwa Tabora mzunguko ni nyuzi 81, Kigoma 82. Anza na alama ya sifuri ikitazama pembeni kabisa, penye saa tatu ya uso wa saa, kisha chezesha nyuzi 9 upande huu na 9 upande ule huku ukiangalia mstari wa ubora. Upande mmoja utapanda, mwingine utashuka. Ukiacha sifuri juu, dalili yake ni kwamba transponda (mkondo mmoja wa satelaiti unaobeba chaneli) uliyoiandika H unaikuta kwenye V, tena kwa ubora hafifu.

Wakati wa kuzungusha usitazame mstari wa nguvu. Huo unapanda hata dishi likitazama ukuta, kwa sababu LNB yenyewe inatoa kelele. Tazama ubora pekee.

Kuna njia ya kuhakiki bila kifaa chochote. Kila mwaka karibu na 22 Machi, saa 4:10 asubuhi, na karibu na 20 Septemba, saa 3:55 asubuhi, jua linapita nyuma ya satelaiti hii kwa mtu aliye Tabora. Kivuli cha LNB kikianguka katikati kabisa ya dishi dakika hizo, uelekeo ni sahihi. Siku hizohizo picha itakatika kwa dakika chache asubuhi. Usiguse bolti, itarudi yenyewe.

Kiloleni_C ameandika:

Nimewaelewa vizuri sana, asanteni. Bado bomba na zege. Naweza kulifunga juu ya paa la bati kwa mbao ili nikwepe kuchimba?

Ujiji_Mwambao amejibu:

Hapana ndugu yangu, paani hapana. Futi 8 ni karibu mita za mraba 4.7. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukilipiga usoni unasukuma kama kilo 90, na upepo wa kabla ya mvua huja kwa vishindo. Kwanza litachezea misumari, baadaye litang'oa kenchi.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 90. Bomba liwe la inchi 3 lenye ukuta mnene, lakini kabla ya kulinunua pima kola ya dishi kwa ndani, kwa sababu bomba linalocheza ndani ya kola ni balaa isiyokwisha. Chini ya bomba chomelea vipande viwili vya nondo kwa msalaba. Visipokuwepo, zege litashika lakini bomba litazunguka ndani yake siku ya upepo. Mchanganyiko ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto, na shimo hilo linakula mifuko miwili ya kilo 50. Simamisha bomba kwa timazi au rula ya maji pande mbili zinazopishana, lishikilie kwa mbao, mwagia maji na liache siku 7 kabla ya kupandisha dishi. Bomba likiwa limeinama, kila unapolizungusha dishi mwinuko nao unabadilika, utatafuta mpaka jioni.

Zile mita 25 za waya usizitumie bila kukagua. Menya ncha: wavu ukiwa mweusi au wa kijani, maji yameshaingia, tupa. Nunua waya mpya wa dishi, aina ya RG6. Kwenye konekta acha waya wa kati utokeze milimita 2 au 3, na hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa wavu unaogusa waya wa kati. Unaogusa unapiga shoti na risiva inazima umeme wa LNB. Pima kwa mita upande wa LNB: upate volti 13 kwenye V na 18 kwenye H. Ukipata 13 pande zote, nusu ya transponda hutaziona. Funika konekta kwa raba ya kujivuta kisha tepu, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kuingia, maji yadondoke hapo na yasifuate waya hadi ndani.

Radi za mikoa yetu si za mchezo. Funga waya wa shaba kutoka kwenye bomba hadi fito ya ethi iliyopigwa ardhini karibu na zege, na uiunganishe na ethi ya nyumba. Hiyo haizuii radi iliyopiga dishi moja kwa moja. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa dishi kwenye risiva pamoja na plagi ya umeme, vyote viwili.

Fundi_Isevya amejibu:

Naongeza kuhusu risiva na LNB ulivyotajiwa. Risiva za zamani nyingi zinasoma DVB-S (mfumo wa kurusha) na MPEG-2 (mfumo wa kubana picha) tu. Transponda nyingi sasa zinatumia DVB-S2 na picha ya MPEG-4, kwa hiyo risiva hiyo haitafunga kabisa, au itafunga na kutoa sauti bila picha. Usiihesabie bei. Tafuta inayosoma DVB-S2, na ikisoma H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, ni bora zaidi. Kabla ya kuskani fungua orodha ya transponda ya sasa ya satelaiti hiyo, zinabadilika kila mara, uchague moja yenye chaneli za bure kwa ajili ya kuelekezea.

Kwenye menyu ya LNB weka masafa ya 5150 (megahezi). Risiva huja zimewekwa 9750 na 10600 za dishi dogo, na kwa namba hizo utazungusha mwaka mzima. Hesabu ni rahisi: transponda ya 3900 inashuka hadi 1250, maana 5150 toa 3900. Zima pia kHz 22, ile ishara ambayo risiva huituma kwa LNB za dishi dogo.

Ukiona ubora unarukaruka na kufa hata kwenye transponda ambayo jana ilikuwa nzuri, angalia kama kuna mnara wa simu upande dishi linakotazama. Mitambo ya 5G na intaneti ya minara hutumia masafa ya kuanzia megahezi 3300 hadi 3800, na LNB ya zamani inapokea kuanzia 3400. Mnara ulio karibu unaizidi nguvu LNB nzima, hata kama chaneli yako iko 4000. Dawa ni LNB yenye kichujio cha 3700 hadi 4200, au kichujio cha chuma kinachofungwa kati ya pete na LNB. Kichujio cha kufunga kwenye waya hakisaidii, LNB inakuwa imeshazidiwa.

Na baadaye ukitaka kuhamia satelaiti nyingine, mfano NSS-12 ya nyuzi 57, hiyo C-band yake ni ya mawimbi ya mzunguko, yaani yanayojizungusha yakisafiri badala ya kuwa H au V. Utaingiza kipande cha tefloni ndani ya shingo ya LNB, kikae nyuzi 45 kati ya pini mbili zilizomo ndani yake. Ukirudi 68.5 kitoe, kinakula nusu ya nguvu.