Mafuta yakimwagika horini: saa sita za mwanzo, ofisa mwandamizi wa zamu aanze na lipi?

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za majukumu. Tunaandaa mwongozo mfupi wa ofisa mwandamizi wa zamu, yule anayepokea simu ya kwanza ya uchafuzi wa bahari na kushika amri mpaka timu kubwa ifike. Tukio la zoezi ni hili: meli ya shehena kichele inajazwa mafuta mazito yenye salfa ndogo ikiwa gatini, bomba linapasuka, tani 40 zinaingia majini. Gati lipo ndani ya hori lenye upana wa mita 200, pwani ya Tanga. Ni bamvua, maji yanajaa, mkondo noti 1.5 (maili za baharini kwa saa) kuingia ndani. Mbele kuna mikoko na mashamba ya mwani.

Vifaa: mita 300 za bumu (kizuizi kinachoelea) lenye sketi ya sentimita 60 inayoning'inia majini, skima moja ya kizingiti (kifaa cha kuvuta mafuta juu ya maji), matangi mawili ya kukunja ya mita za ujazo 10 kila moja, na madramu 10 ya lita 200 ya dawa ya kutawanya mafuta. Bumu liwekwe wapi? Dawa itumike? Na je, mpango huohuo utafaa kwa mafuta ghafi ya bomba la EACOP, litokalo Uganda, pale Chongoleani?

Nanga_Tatu

Mkuu, kabla ya bumu kuna dakika kumi za maswali. Pampu imezimwa? Vali za pande zote mbili, meli na boti inayojaza, zimefungwa? Matundu ya maji ya sitaha yamezibwa? Meli ya tani 400 za ujazo au zaidi lazima iwe na mpango wake wa dharura ya mafuta, SOPEP, kwa hiyo mtake ofisa mkuu wa meli akwambie amefika hatua gani na tangi gani limehusika. Omba pia hati ya makabidhiano ya mafuta, lakini usiishie hapo. Hati hiyo inatoa uzito wiani na kiwango cha salfa, haitoi nyuzijoto ambazo mafuta huganda. Hiyo iko kwenye cheti cha ubora cha muuzaji, na ndiyo itakayoamua skima yako ifanye kazi au isifanye.

Boti isogee ikitokea upande upepo unakotoka, na kipima gesi kiwe mkononi. Ikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, watu warudi nyuma. Kwa mafuta mazito hatari hiyo ni ndogo, ila kwa mafuta ghafi mapya au petroli ndiyo inayoua.

Halafu ramani. Mafuta hufuata mkondo kwa kasi yake yote, na upepo kwa takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi ya noti 20 inaongeza noti 0.6. Ukielekea upande mmoja na mkondo wako wa 1.5, unapata noti 2.1, yaani zaidi ya maili nne za baharini ndani ya saa mbili. Chora mshale huo kwa saa ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha upeleke vifaa pale mafuta yatakapokuwa vifaa vikiwa tayari. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye mazoezi ni boti zote kukimbilia gatini, huku kichwa cha mafuta kikiwa tayari kimepita.

Na rubani wa droni aambiwe asihesabu rangi ya upinde wa mvua kama mafuta mengi. Kanuni ya Bonn, ya kukadiria wingi wa mafuta kwa rangi yake, inasema: rangi ya fedha ni lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba, upinde wa mvua 300 hadi 5,000, rangi ya chuma 5,000 hadi 50,000, mabaka ya rangi halisi 50,000 hadi 200,000. Chukua eneo la kilomita moja ya mraba lenye asilimia 60 ya upinde wa mvua na asilimia 5 tu ya mabaka meusi. Upinde wote una lita 180 hadi 3,000. Yale mabaka yana 2,500 hadi 10,000. Skima iende kwenye weusi.

Mkondo_na_Sketi

Nijibu la bumu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Bumu likikingama mkondo kwa pembe mraba, mafuta huanza kupita chini ya sketi mkondo ukifika noti 0.7. Kwako ni 1.5. Ukilivuta kutoka ukingo hadi ukingo, litapendeza kwenye picha na mafuta yatapita chini yake yote. Lazima lilale: kwa noti 1 pembe ya nyuzi 45 na mkondo, kwa 1.5 nyuzi 28, kwa 2 nyuzi 20. Kufunga mita 200 kwa nyuzi 28 kunahitaji karibu mita 430, na wewe una 300. Kwa hiyo acha wazo la kufunga hori. Tumia mita 200 hivi kuyaelekeza mafuta kwenye ukingo wenye maji tulivu na njia ya gari, skima ikae kwenye kona ya mwisho. Mita zinazobaki zilinde mlango wa kijito kinachoingia kwenye mikoko au kitalu cha mwani, popote mkondo ulipo chini ya noti 0.7.

Nanga sasa. Nguvu kwa kilo ni 100 kuzidisha eneo la sketi kwa mita za mraba, kuzidisha mraba wa kasi kwa mita kwa sekunde. Kipande cha mita 25 chenye sketi ya 0.6, mkondo unaokigonga ukiwa noti 0.7, yaani mita 0.36 kwa sekunde: 100 × 15 × 0.13, sawa na kilo 195 hivi. Nanga ya Danforth ya kilo 15 kwenye tope hushika kilo 200 tu, kwa hiyo haibaki akiba yoyote. Ndiyo sababu bumu linaonekana limefungwa vizuri saa kumi na mbili, na saa moja liko ukingoni limejikunja. Ukitumia mawe ya zege, uzito wake nchi kavu uwe angalau mara tatu ya mzigo, maana ndani ya maji zege hupoteza karibu nusu ya uzito. Bora zaidi ni kufunga maboya ya kudumu leo, kabla ya tukio, kwenye alama zilizopimwa. Kamba iwe ndefu, mara tano ya kina wakati maji yamejaa. Kwenu kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna mita tatu na zaidi. Kamba iliyopimwa maji yakiwa madogo itazamisha bumu yakijaa.

Ncha ya ukingoni ndiyo inayosahauliwa. Maji yakipwa bumu la kawaida hulala ubavu kwenye mawe na mafuta hupenya. Hapo panatakiwa bumu la ukingoni, lenye mifuko ya chini iliyojaa maji inayokaa juu ya matope.

La mwisho, matangi. Tani 40 zikichanganyika na mawimbi zinaweza kunyonya maji hadi ujazo uwe mara tatu au nne. Hiyo ni mita za ujazo 120 hadi 160. Una nafasi ya 20, na skima ya kizingiti inavuta maji mengi. Itasimama ndani ya saa chache hata kama inafanya kazi vizuri. Simu ya malori ya kunyonya na ya jahazi lenye tangi ipigwe pamoja na simu ya boti. Ukipata kibali, maji yaliyotulia chini ya tangi yarudishwe ndani ya bumu, mbele ya skima.

Maabara_ya_Pwani

Dawa: usiguse, mkuu. Najua hesabu inavutia, kwa sababu lita 2,000 kwa uwiano wa 1 kwa 20 zinatosha lita 40,000, karibu na tani zako 40. Lakini dawa haiondoi mafuta, inayashusha ndani ya maji kwa matone madogo. Hori lina kina kifupi, halina maji ya kuyapunguza makali, na chini yake kuna majani ya bahari, mwani na mazalia ya samaki. Pili, mafuta mazito yakipoteza sehemu zake nyepesi na kunyonya maji huwa mazito mno: mnato ukipita sentistoki 5,000 hadi 10,000, dawa huteleza juu yake na kuishia majini. Nafasi ya dawa ni bahari ya nje yenye kina, saa chache za mwanzo, kwa idhini ya mamlaka iliyotajwa kwenye mpango wa taifa. Ofisa wa zamu aombe idhini, asijipe.

Kuhusu Chongoleani, andikeni mwongozo tofauti kabisa. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 linapashwa moto njia nzima. Yakimwagika kwenye bahari ya nyuzi 26 hadi 30 yanaganda vipandevipande. Dawa haifai, skima ya kizingiti haioni kitu, na pampu ya kawaida hukaba. Andaeni nyavu za kukokota, skima ya mkanda au ya brashi, pampu ya skrubu yenye maji ya moto kwenye mdomo wake, na ndoo kubwa za kuchotea. Faida yake ni kwamba vipande vilivyoganda havipenyi mchangani kirahisi. Hasara ni kwamba huelea mbali na hutua kwingine, na juani huyeyuka upya juu ya miamba. Hifadhi ya bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, iko jirani, kwa hiyo nao wawe kwenye orodha ya simu za saa ya kwanza.

Mchu_Mkandaa

Nyongeza ya mikoko. Kabla mafuta hayajafika, pigia BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za vijiji vya mbele watoe nyavu na madema majini, na watu wakusanye takataka, magogo na mwani uliotupwa na bahari hadi juu ya alama ya maji ya bamvua. Takataka kavu ni mzigo wa kawaida. Zikishalowa mafuta ni taka hatari, na usafi wa ufuoni unaweza kuzalisha taka mara kumi au zaidi ya uzito wa mafuta yenyewe.

Yakishaingia kwenye mikoko, zuia watu kuingia kwa miguu. Mizizi ya mchu inayochomoza kama penseli ndiyo pua ya mti. Kila unyayo unaivunja na kusukuma mafuta ndani ya tope lisilo na hewa, na humo yatakaa miaka. Maji yakianza kupwa, osha kutoka kwenye boti kwa maji ya bahari ya shinikizo dogo, mafuta yatoke nje mpaka kwenye bumu na pedi. Usikate matawi wala kukwangua tope.

ZamuYaUsiku

Asanteni sana wakuu. Swali moja limebaki: gharama. Kuna anayesema tutadai kwenye mfuko wa kimataifa wa fidia.

Dai_na_Hati

Hapana, kwa tukio hili. Mfuko wa 1992 unahusu mafuta yasiyotoweka upesi, yanayomwagwa na meli za kubeba mafuta, na jumla yake hufika SDR (kipimo cha fedha cha IMF) milioni 203. Meli yenu ni ya shehena kichele. Wakashio ya Morisi ilikuwa hivyohivyo: ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, ikaanza kuvuja tarehe 6 Agosti, takriban tani 1,000 zikamwagika, na mfuko huo haukuhusika. Kwa mafuta ya matumizi ya meli ya namna hiyo, dai linaelekezwa kwa mwenye meli na bima yake chini ya mkataba wa 2001, kwa nchi zilizouridhia. Mwakilishi wa bima ya dhima ya meli, yaani P&I, aitwe siku ileile. Akishirikishwa mapema habishi baadaye kwamba hatua hazikuwa za lazima.

Mwandishi wa kumbukumbu asiwe kamanda. Kila uamuzi uandikwe na saa yake, sababu yake na aliyeuamua, pamoja na idadi ya watu, saa za boti, lita za dizeli na mifuko ya taka. Sampuli zichukuliwe kwa chupa za kioo zenye kifuniko cha ndani cha tefloni: kutoka kila tangi la mafuta la meli, kutoka boti iliyojaza, na sehemu tatu tofauti majini. Zifungwe kwa lakiri, zikae gizani kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au 5, na kila anayezipokea atie sahihi. Meli pia inapaswa kuwa na sampuli yake ya makabidhiano, angalau mililita 400, inayotunzwa miezi 12. Iombeni kabla haijang'oa nanga.