Frankenstein: mwenye hatia ni kiumbe au aliyemuumba?

Mleta mada:
Wadau, nimeisoma tena Frankenstein ya Mary Shelley, riwaya iliyotoka London mwaka 1818, na safari hii hasira zangu zote ni kwa Victor Frankenstein, mwanasayansi kijana aliyeunda kiumbe na kukipa uhai. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. La, ni jina la muumbaji. Kiumbe mwenyewe hakupewa hata jina. Usiku ule wa Novemba alipofumbua jicho lake la manjano, Victor alitoka mbio. Kiumbe alikuwa hajatenda kosa lolote. Alikimbiwa kwa sura yake tu.

Kinachoniuma zaidi ni ile miezi kiumbe alipojificha kibandani. Anaichungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta na kujifunza lugha kwa kuwasikiliza. Alikuwa akiwaibia chakula. Alipogundua kuwa wenyewe hawashibi akaacha, akawa anatoka usiku kuwatafutia kuni na kuwaachia nje. Nani alimfundisha huruma hiyo? Mzee kipofu alizungumza naye kwa upole. Mwanawe, mwenye macho, ndiye aliyemshukia kwa fimbo.

Msimamo wangu: anayeleta kiumbe duniani ana deni kwake. Mnasemaje?

Mchangiaji:
Mkuu, umemruka Justine, mtumishi wa nyumbani kwa kina Victor. Kiumbe alimnyonga mtoto William, mdogo wake Victor, akachukua picha ndogo aliyokuwa ameivaa, akaipenyeza katika nguo ya Justine akiwa usingizini ili lawama zimwangukie yeye. Aliyejua huruma hadi kuwatafutia watu kuni hawezi kujitetea kwa upweke. Wapweke ni wengi, na hawaui.

Mleta mada:
Hapo umenibana, na kwa Justine simtetei. Kumsingizia binti asiye na hatia kunahitaji kukaa na kupanga. Lakini Victor naye alikuwa na yakini kuhusu muuaji. Akanyamaza, akihofia kuonekana mwendawazimu, na Justine akahukumiwa kifo na kuuawa. Kwa hiyo narekebisha kauli yangu: hatia ni ya wote wawili, na ya mmoja haipunguzi ya mwenzake hata chembe.

Ninapokwama ni kwa yule mwenzi wa kike ambaye kiumbe alitaka aumbiwe. Victor aliahidi kumuumba, kisha akamrarua vipande kazi ikiwa haijakamilika, kwa kuhofia kizazi kitakachofuata. Alivunja ahadi, ndiyo. Ila hakuwahi kuulizwa yule wa kike kama angependa kuzaliwa ili amfariji mtu asiyemjua, na hapo nashindwa kumlaumu Victor.