Nimepewa cheki yenye mistari miwili, naomba ushauri

FundiLangoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi fundi wa milango ya nakshi hapa Amu (Lamu). Kuna bwana anajenga Shela, nimemchongea mlango wa mkangazi, salio langu elfu tisini. Jana kanipa cheki. Kufika benki karani kanirudishia: pembeni ina mistari miwili imelazwa, tena tarehe ni ya mwezi ujao. Na mashua ya kuchukua mlango yaja Ijumaa. Je, hii si pesa?

MamaMkomani: Waaleikum salaam kaka. Mistari ile maana yake hulipwi mkononi, ni lazima iingie akaunti. Isiyo na mistari ndiyo hulipwa dirishani. Wala usiichukie, ingekudondoka mashuani aliyeiokota hali kitu.

KaraniMstaafu: Mistari si neno. Neno ni tarehe. Benki haitailipa mpaka siku yake ifike. Ikifika iweke upesi, ikipita miezi sita itakataliwa. Tangu 2011 benki zetu za Kenya zatumiana picha ya cheki badala ya karatasi yenyewe, kwa hivyo haikawii kama enzi zetu za magunia ya posta, lakini usiihesabu kabla pesa hazijasoma kwenye akaunti. Na hapa soma mara mbili: kumpa mtu cheki nawe wajua haina pesa ni kosa, kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu, faini hadi 50,000 au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini cheki ya tarehe ya mbele kama yako haimo humo. Ikirudi, utamdai kama deni jengine lolote.

PwaniTu: Mlango usitoke! Mimi niliuza mbao Malindi kwa cheki kama hiyo. Iliporudi, mbao zishapigwa misumari darini. Nikawa nazitazama tu kutoka barabarani 😂

FundiLangoni: Sasa nimwambieje bila kumvunjia heshima?

KaraniMstaafu: Mwombe cheki ya benki yenyewe. Hiyo benki humkata yeye kwanza, ndipo ikaiandika kwa jina lako, hairudi kwa kukosa pesa. Na jina liwe la kitambulisho, herufi kwa herufi.

FundiLangoni: Ati jina? Hebu niitoe mfukoni.

FundiLangoni: Kaandika "Fundi Mwinyi". Hilo ni la barazani, wazee. Ngojeni nimpigie nahodha, Ijumaa asije.