Naomba ushauri: kupima maji ya Kafubu

Wandugu, nalima lengalenga (mchicha) kando ya mto Kafubu, huku Lubumbashi. Tangu kiwanda kimoja kianze kumwaga maji usiku, mawe ya ukingoni yamevaa utando wa kijani na majani ya mboga yanaungua pembeni. Mama mkwe anachemsha maji ya kunywa, lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Metali kama shaba na kobalti, ambazo nahofia zinatoka kiwandani, hubaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa miligramu 2 kwa lita. Nataka kuchota chupa moja kabla mto haujafika kwenye bomba la kiwanda, nyingine baada ya bomba hilo. Je, nichote na tope? Asidi ya nitriki, ile ya kuhifadhi metali ndani ya sampuli, niitie kwenye chupa palepale mtoni, ama itiwe maabara? Watoto wetu wanaoga humo kila siku, tafadhali nisaidieni.