Mji wetu mdogo: ushuru kila asubuhi, taka hazizolewi, na kila ofisi inasema si kazi yake

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Nauza nyanya na vitunguu kwenye soko la mji wetu mdogo, huu mwaka wa tisa. Kila asubuhi, kabla sijafunua turubai, kijana wa ushuru keshasimama mbele ya meza na POS yake, kile kimashine cha kutolea risiti. Shilingi 500, uuze usiuze. Simlaumu, katumwa. Risiti zangu nazifunga kwa mpira na kuziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, za miaka miwili zote zimo.

Nyuma ya soko kuna rundo la taka ambalo mara ya mwisho lilizolewa kabla ya masika. Mvua ilipokuja ikazisomba zote mpaka mtaroni, mtaro ukaziba, maji meusi yakarudi hadi chini ya meza za mama lishe. Nimemwona mwenzetu anapakua wali amesimama juu ya tofali! Wateja wakahamia stendi, na mimi nikamwaga matenga mawili ya nyanya.

Nikaenda kwa mtendaji. Akaniambia mtaro ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikaenda huko, nikaambiwa kilichoziba mtaro ni taka, na taka ni za mamlaka ya mji mdogo. Nikarudi. Safari hii jibu likawa kwamba gari la taka ni la halmashauri, mji mdogo hauna gari wala fungu, makusanyo yote yanapanda wilayani. Mwenyekiti wa kitongoji, tuliyempa kura Novemba 2024, kanijibu: "Mama, hata mimi nasubiri kikao."

Barabara zilihamia TARURA 2017, hilo sibishi. Lakini taka? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, si kwa mtu mwingine. Na Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani yamenifikia mimi, zaidi ya POS?

Wazee wanaokumbuka watanisaidia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri zilifutwa nchini, kazi zikapelekwa mikoani na wilayani. Miji ikaoza: mitaro ikaziba, taka zikalala mitaani, kipindupindu kikaingia. Ndiyo maana 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na 1982 zikaja sheria za serikali za mitaa tunazozitumia mpaka leo. Kwa hiyo taka na mitaro ni miongoni mwa sababu zilizofanya ofisi hizi zirudi. Leo watu waliokaa ndani yake wanathubutu kuniambia haziwahusu.

Nguvu wanazo, msidanganyike. Mwaka jana nilimwaga maji ya kuoshea mboga mbele ya meza yangu, mgambo wakafika kabla hayajakauka, nikalipa faini kwa sheria ndogo ya usafi. Sheria hiyo hiyo mbona haiwagusi wao kwa lile rundo?

Ninachotaka ni mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale sokoni: soko letu limekusanya kiasi gani, kiasi gani kimepanda wilayani, kipi kimerudi. Kama wilaya ndiyo inayobana fedha, mtendaji aniambie kwa maandishi, nijue mlango wa kugonga. Kuniambia "mama subiri" sitaki tena. Watoto wetu wanashinda pale sokoni, wanacheza kando ya yale maji.

Jumatatu naenda ofisini na kopo langu la risiti. Wenye meza wa soko letu mnaosoma hapa, mmeshanijua. Saa mbili asubuhi tukutane getini, kila mtu na risiti zake. Na ninyi wa miji mingine, aliyewahi kudai hesabu za mji wake akapewa, aniandikie alianzia ofisi gani na barua aliiandikaje.