Maji ya mvua Arusha apewe nani?

Kijana wa Sekei: Wakuu, masika yakianza chemba za majitaka zinafumuka, na mtaani kila mtu anailaumu AUWSA, mamlaka ya maji ya hapa Arusha. Lakini wao kazi yao ni majisafi na majitaka. Mitaro ya barabarani ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na Jiji, mito iko chini ya ofisi ya Bonde la Pangani. Mito ya Themi, Naura na Ngarenaro inakatiza mji mzima na kila ofisi inashika kipande chake. Mimi nasema ipatikane mamlaka moja ishike mitaro na mito, na bila saini yake mtu asijenge karibu na maji. Mnaonaje?

Fundi Sinoni: Chemba hazifumuki zenyewe. Watu wameelekeza maji ya bati kwenye bomba la majitaka kwa kuwa hakuna mtaro wa kuyamwaga. Lile bomba lilipimwa kwa maji ya choo na jikoni, litabebaje mvua?

Mama Neema: Mafundi si ndio mnaounganisha?

Fundi Sinoni: Dada, soma tena nilichoandika.

Jirani wa Naura: Shida ni wanaovamia kingo. Sheria ni mita 30, watu wako mita 5. Wengine wanalima mpaka ukingoni, tope lote linashuka mtoni. Na huo mchicha wa maji machafu siutii mdomoni.

Mama Neema: Hapo umenigusa. Mchicha huo umenisomeshea watoto. Kalavati linazibwa na kifusi na mifuko ya saruji, nenda kaangalie. Na ukinunua mboga soko la Kilombero unauliza imetoka wapi?

Jirani wa Naura: Sijakutukana mama, nimesema maji.

Mama Neema: Umesema mdomoni.

Mtu wa Unga Ltd: Mwacheni mama. Mchicha unapikwa, nani anakula mbichi?

Jirani wa Naura: Kupika hakuondoi sumu za gereji.

Mzee wa Kaloleni: Ni mita 60, si 30. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Ikifuatwa, nyumba zinaguswa na bustani pia.

Kijana wa Sekei: Jamani, mimi sikuuliza mboga. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa korongoni hapa hapa Arusha, watoto wakafa. Nauliza nani anawajibika na njia ya maji kabla mvua haijanyesha.

Fundi Sinoni: Hata ukiunda mamlaka mpya, bila mtaro wa kupeleka maji mahali ni ofisi nyingine tu na bili nyingine.

Mama Neema: Mzee, hizo mita 60 waanze kuzipima kwenye maghorofa. Yana vibali, aliyetia saini yupo na anajulikana. Wakiyamaliza, bustani yangu nitaing'oa mwenyewe.

Jirani wa Naura: Andika tarehe.