Watoto tisa ufukweni, umri tofauti: wachezeshwe nini zaidi ya mpira wa miguu?

Kombo_la_Pwani:
Wakuu, habari. Natafuta michezo ya ufukweni kwa watoto tisa, miaka 5 hadi 11. Mpira wa miguu haufai, wadogo wanapigwa vikumbo tu. Vifaa: ndoo mbili za lita 5, makopo, mpira mmoja wa tenisi.

MchangaMbichi:
Huo mpira wa tenisi unatosha. Jengeni mlima wa mchanga, mpira uteremke wenyewe. Mchanga uchotwe pale wimbi la mwisho lilipoishia. Finyanga konzi moja: ukishikana bila kuchuruzika maji, ndio wenyewe. Mkavu unamomonyoka, uliolowa chapachapa unatitia.

Rundikeni hadi usawa wa kiuno cha mtoto, mkishindilia kila tabaka kwa viganja. Msiposhindilia, mlima utapasuka mkianza kuchonga. Mfereji uzunguke toka kileleni hadi chini, upana wa mpira na vidole viwili. Ukingo wa nje uwe juu kuliko wa ndani, maana kwenye kona ndiko mpira unakochomoka. Ukikwama mahali, nyunyizeni maji kidogo, lainisheni kwa kitako cha kopo.

Timu zipokezane mpira, kila moja kwenye mlima wake, na mshindi ni yule ambaye mpira wake *umechelewa* kufika chini bila kusimama. Hapo misuli haina kazi. Wa miaka 5 wapewe kuhesabu kwa sauti, watawagombeza hadi wakubwa.

Nahodha77:
Mbio za kopo lililotoboka pia. Matundu matatu ya msumari kwenye kitako, yasizidi. Yakiwa makubwa maji yote yanaishia njiani na watoto wanasusa. Piga ukali wa matundu kwa jiwe usiwakate. Ndoo iwe hatua 15 kutoka majini, theluthi yake ifukiwe mchangani isipinduke. Mtoto achote, akimbie, amwage, amkabidhi mwenzake kopo. Timu yenye wanne, mmoja akimbie mara mbili. Kuziba matundu kwa kidole ruksa, ndio utamu wenyewe.

Kombo_la_Pwani:
Asanteni. Kwenye kuchota nahofia wadogo na mawimbi.

Nahodha77:
Wasipite maji ya kifundo cha mguu. Mtu mzima asimame upande wa bahari kuliko watoto, si nyuma yao. Mawimbi yakiwa makali, jaza beseni maji, yachotwe humo.

MchangaMbichi:
Naongezea: anzeni maji yakishaanza kupwa, mchanga unabaki mgumu na mlima hausombwi. Wakitaka kuchimba, shimo lisizidi goti la mdogo kuliko wote, na mahandaki ya chini kwa chini marufuku kabisa, mchanga huporomoka ghafla bila dalili. Mkiondoka fukieni, kuna watakaopita gizani.

Kombo_la_Pwani:
Sawa wakuu. Msumari na beseni naongeza kwenye mfuko.